Kuvua mchana kweupe

Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma tu mnayoandika hapa, natia alama ya moyo, napita. Leo ni zamu yangu, na nitaandika juu ya samaki. Wale tunaojitolea pamoja hapa Nakivale wameshanizoea na ufito wangu begani, lakini wanajua nusu ya habari. Hii ni nusu ingine.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtoto wa mvuvi wa usiku. Kwetu ni Baraka, Fizi, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Papa alikuwaga anatoka jua likizama, yeye na wenzake, wamebeba taa, wavu na chai ndani ya chupa. Kazi ya ndagala inataka giza. Unawasha taa juu ya maji, ndagala wanafuata mwanga, wanapanda, halafu wavu unawachota kutoka chini. Mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna kazi, juu mwanga umetapakaa kila mahali na samaki hawana sababu ya kuja kwako. Siku hizo wavuvi wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mchana Papa alilala, sisi watoto tukakatazwa kupiga kelele, na mama akaanika ndagala mchangani akifukuza kuku. Kwa hiyo ndani ya kichwa changu kuvua lilikuwa jambo la usiku. Mchana ni wa kuanika na kuuza.

Tulikimbia mwaka 2012, mimi nikiwa na miaka 11. Tulipita Burundi, tukapita Rwanda, tukafika hapa Uganda. Nakivale kuna ziwa pia, lakini Papa aliliangalia siku ya kwanza akasema, "Hili ni bakuli." Hakuvua tena. Alilima mahindi na maharagwe mpaka alipofariki mwaka 2019.

Yaya yangu ndiye aliyerithi mikono ya Papa. Alikuwa ameshaanza kwenda naye ziwani kabla hatujakimbia. Lakini yaya alikuwa ameoa, kesi yake ikawa tofauti na yetu, na mwaka 2016 yeye na mke wake walipata safari. Walipelekwa Boise, mji wa jimbo la Idaho, Marekani. Papa alipokufa, yaya alitazama mazishi kwenye simu niliyokuwa nimeishika mimi. Mkono wangu ulitetemeka, na baadaye aliniambia kwamba alichoona zaidi ni miguu ya watu.

Tuliobaki ni mama, mimi na dada zangu wawili. Kesi yetu ilitembea polepole, lakini ilitembea. Mwisho wa mwaka 2024 tulikuwa tumeshapimwa afya. Mama aliuza mbuzi wote wawili na kabati. Yaya alitafuta nyumba yenye chumba cha ziada, akanunua vitanda. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Sitaandika mengi hapo. Mliopitia mnajua, na wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mlituona tulivyokaa siku zile.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yaya alinyamaza. Zamani alipiga kila Jumapili. Mwezi wa pili hakupiga, wa tatu hakupiga, wa nne hakupiga. Pesa kidogo alituma kama kawaida, lakini sauti hapana. Mama alisema, "Ana aibu." Mimi nikasema ndani ya moyo, aibu ya nini, yeye ndiye aliyefika.

Mwezi wa tano, usiku mmoja, ikaingia vidio. Niliifungua na mama yuko pembeni. Yaya amesimama kwenye uwanja wa majani, jua linawaka, hakuna maji hata tone. Ameshika ufito mrefu mwembamba, anauyumbisha mbele na nyuma, na uzi wa rangi ya chungwa unapita juu ya kichwa chake. Nyuma yake mzee mmoja wa Kizungu anapiga makofi.

Mama akaangalia mpaka mwisho. Akauliza, "Anavua majani?"

Nilimuuliza yaya swali hilo hilo, na hapo ndipo alipoanza kuongea tena. Alinitumia voisi moja baada ya nyingine mpaka MB zangu zikaisha. Nitajaribu kuwaeleza kama alivyonieleza, juu hata mimi nilikuwa sijui chochote.

Kuna samaki wa mto anaitwa trauti. Anapenda maji baridi yanayokimbia. Chakula chake kikubwa ni wadudu: wakiwa wachanga wanaishi chini ya mawe ndani ya maji, wakikomaa wanapanda juu, wanatoa mabawa na kuruka. Mvuvi anachukua ndoano ndogo, nyingine ni kama punje ya mchele, anaizungushia uzi na manyoya mpaka inafanana na mdudu. Huyo ndiye nzi wa uongo. Hakuna mnyoo, hakuna unga.

Shida ni kwamba nzi huyo hana uzito. Jiwe ukilitupa linaenda, unyoya ukiutupa unakurudia usoni. Kwa hiyo uzito wameuweka kwenye uzi wenyewe. Uzi ni mnene, na ndio unaorushwa. Nzi anafuata tu, amefungwa kwenye kipande cha mwisho cha uzi mwembamba ambao samaki hauoni kirahisi. Kuurusha kwenyewe ni hivi: unainua ufito kwenda nyuma, unausimamisha ukipita sikio kidogo, unangoja. Hapo ndipo kila anayeanza anakosea, yaya alisema. Uzi lazima unyooke wote nyuma yako kabla hujaurudisha mbele. Usipongoja unalia kama mjeledi, ta!, na nzi anakatika anapotea. Ndiyo maana mzee alimfundisha kwanza kwenye majani, wakiwa wamefunga kipande cha sufi mahali pa ndoano.

Sababu ingine ya kuanzia kwenye majani ni mto. Boise ni jina la mji na pia la mto unaopita katikati ya mji. Wakati wa masika yao theluji inayeyuka milimani, maji yanakuwa mengi na ya hatari. Walingoja mpaka mwezi wa saba.

Yaya alihesabu: mara kumi na moja alienda mtoni akarudi mikono mitupu. Mtoto wa Baraka! Nzi walibaki kwenye miti nyuma yake, mmoja alibaki kwenye kofia ya mzee. Kila alipokosea alinitumia voisi, na mimi nikawa nazisikiliza nikiwa nimelala kitandani.

Kosa la kwanza lilikuwa kutazama kati kati ya mto, mahali maji yanapopiga kelele. Trauti hakai kwenye mbio, anachoka. Mchana jua likiwa kali hashindi juu ya maji pia. Anashuka chini, anajificha nyuma ya jiwe, chini ya mti ulioinama, au kwenye ule mstari ambapo maji ya mbio yanakutana na maji ya polepole. Anasimama upande wa polepole, anatazama upande wa mbio unaompitishia chakula. Yaya alisema ni kama mtu aliyekaa kibarazani kando ya barabara, anangoja muuza chapati apite.

Kosa la pili lilikuwa kusimama vibaya. Samaki wa mto anaelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo ukimjia kutoka juu anakuona. Unatakiwa kumjia kutoka nyuma, polepole, na uangalie kivuli chako kisianguke mbele yako kwenye maji. "Usiku Papa alikuwaga anawasha taa ili samaki waje," yaya alisema. "Hapa mchana mimi ndiye naonekana. Mimi ndiye niliyewashiwa taa."

Kosa la tatu lilikuwa kuvuta. Nzi anatakiwa atembee mwendo ule ule wa maji, kama mdudu aliyejiachilia. Uzi ukimvuta hata kidogo, samaki anajua ni uongo. Na mikono yaliyofundishwa wavu inapenda kuvuta.

Mara ya kumi na mbili ilikuwa mwezi wa nane. Kwake ni saa tano asubuhi, kwetu ni saa mbili usiku, tofauti yetu wakati ule ni saa tisa. Simu iliita kwa vidio. Mzee ndiye aliyeshika simu. Yaya alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, ufito umepinda kama mundu, anacheka kama mtoto. Niliita mama, niliita dada zangu, sote tukabanana mbele ya kioo kidogo. Samaki alipokaribia tulimwona: wa kahawia, ana madoa meusi na mengine mekundu, mrefu kama kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Mama alipiga vigelegele, jirani akatoka nje kuuliza kama kuna harusi.

Yaya akalowesha mikono, akamshika samaki bila kumtoa majini, akatoa ile ndoano. Halafu akafungua mikono. Samaki akaenda.

Kwetu pakawa kimya. Mama akauliza, "Amemponyoka?"

"Hapana, Mama. Nimemwachilia."

"Umemwachilia samaki?"

Mwezi ule sisi tulikuwa tumeondolewa kwenye orodha ya chakula, kama wengi wenu. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, posho na majani ya maharagwe. Mama hakupaza sauti. Alisema, "Baba yako hakuwahi kurudisha samaki hata mmoja ndani ya maji. Hata siku alipovua mmoja." Akasimama, akaenda kulala. Wiki mbili hakutaka kuongea na yaya. Nikimpelekea simu anasema mwambie niko shambani, na ilikuwa usiku.

Mimi pia nilikasirika, sitawaficha. Nilimwandikia yaya maneno marefu na mabaya. Nilimwambia kwamba huko mbali wamemfundisha kuchezea chakula. Nilimwambia kwamba sisi huku ndio tunajua bei ya samaki.

Hakujibu kwa hasira. Alijibu kwa voisi ya dakika saba, na hiyo voisi bado ninayo. Alisema samaki yule alikuwa wa mwituni, amezaliwa mtoni, na wanaovua naye wanawaacha hao wazaane. Na babu zake trauti wa kahawia waliletwa Marekani kutoka Ulaya miaka ya 1880, wakiwa mayai. "Hata yeye ni wa kuhamishiwa nchi ya tatu," akasema, akacheka kidogo. "Wenzake walipelekwa mpaka Kenya mwaka 1905, wakawekwa mto Gura kule Aberdare. Ni sisi tu tumekwama." Halafu akaacha kucheka, akasema hivi, nanukuu kadiri ninavyokumbuka:

"Mdogo wangu, mimi mchana ndiyo saa yangu mbaya. Usiku niko ghalani, mashine zinapiga kelele, siwazi kitu. Asubuhi narudi, mke wangu ameenda kazini, watoto wako shule. Nafunga mapazia nilale mchana kama Papa. Lakini Papa alikuwa analala sisi tuko nje tunacheza, anatusikia. Mimi nafunga macho naona vile vitanda kwenye chumba chenu. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, sikulala. Nilikuwa nakaa kitandani naangalia ukuta mpaka saa ya kwenda kazi. Ndiyo maana sikupiga. Ningepiga niseme nini? Huyu mzee alinifundisha Kiingereza tulipofika. Aligonga mlango, akaniona uso, akasema kesho nakuja na fito mbili. Sivui juu ya njaa. Njaa naifanyia kazi usiku. Navua ili mchana upite."

Nilipomaliza kusikiliza nilibaki nimekaa nje mpaka baridi ikanishika, juu mchana wangu mimi ulikuwa hivyo hivyo. Siku tatu kwa wiki nafundisha watoto kusoma, ile nafasi yetu ya kujitolea, asubuhi tu. Siku zingine baada ya Januari nilikuwa nalala kwenye mkeka nikisikia mabati yanalia kwa joto. Usiku una nafuu: kuna mpira kwenye redio, kuna wenzako, kuna usingizi. Ni mchana ndio unaona vizuri kwamba hakuna kilichosogea. Nilidhani ni mimi tu. Kumbe yaya yangu, mwenye nyumba na kazi na makaratasi, alikuwa amelala kwenye mkeka ule ule.

Nilimwandikia tena. Niliomba msamaha, halafu nikauliza: bila pesa, mtu anaweza kuanza na nini?

Alimuuliza mzee. Mzee akasema Wajapani wana namna yao ya zamani ya kuvua trauti kwenye mito ya milimani, inaitwa tenkara: ufito, uzi uliofungwa kwenye ncha ya ufito, na nzi. Hakuna gurudumu la kuzungushia uzi, hakuna kitu kingine. Nikasema basi mimi ni Mjapani wa Nakivale.

Ufito nilikata mwanzi, mita tatu hivi, nikaukausha chini ya kitanda nimeufunga kwenye ubao usipinde. Uzi mzito nilifumua kutoka gunia, nyuzi nne, nikazisokota pamoja ziwe na uzito wa kurushwa. Mbele yake nikaunga nailoni nyembamba. Ndoano ndogo nilinunua mwaloni. Manyoya nilichukua shingoni kwa jogoo wa jirani, aliyekuwa anachinjwa hata hivyo, na uzi nikaomba kwa dada yangu anayeshona. Nzi wangu wa kwanza alifanana na ufagio.

Kabla ya kwenda nilimuuliza kwanza mwenyekiti wa mwalo. Alicheka sana, lakini akasema ufito mmoja kutoka ukingoni haumsumbui mtu, na akanionyesha mahali. Akaniwekea na sharti: mchana tu. Usiku viboko wanatoka majini kuja kula majani, na hata mchana nisiingie kwenye matete nisikoona. Kwa hiyo hapa kwetu, wapendwa, kuvua mchana kweupe si mtindo wa Kizungu. Ni kutaka kurudi nyumbani.

Sasa naomba mnisamehe makosa niliyoyafanya. Ziwa si mto, maji hayakimbii, na trauti hayuko. Lakini samaki ni samaki. Siku ya kwanza nilipiga mjeledi mpaka nzi wote wanne wakakatika. Siku ya pili watoto kumi na wawili walikuja kunitazama, wakasimama kwenye mstari, vivuli vyao vyote juu ya maji. Siku ya tatu nilinasa sikio langu mwenyewe. Kituoni kwa dawa walipouliza nimeumizwa na nini, nilisema nzi.

Kilichonisaidia ni lile jambo la kutazama kwanza. Yaya aliniambia mzee anamlazimisha kukaa robo saa ukingoni bila kutoa ufito, na kugeuza jiwe moja au mawili aone wadudu gani wapo. Mimi nilikuwa nimeishi kando ya ziwa hili miaka 13 na sikuwahi kulitazama. Nilikuwa nalipita. Nilipokaa niliona kwamba asubuhi upepo ukianza, wadudu na takataka ndogo zinasukumwa upande mmoja, kwenye kona yenye miti. Niliona duara ndogo ndogo juu ya maji, kama mvua inanyesha kutoka chini. Ni samaki wanaotoa midomo. Niliona ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji, halafu anashuka kama jiwe. Yeye havui mahali popote pengine, ni kona ile. Kwa hiyo nikahamia kwenye kona yake.

Wiki ya tano, saa nne asubuhi, nilirusha, nikangoja, uzi ukalala kwenye maji vizuri kuliko siku zote. Sikuvuta. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Uzi ukasogea kidogo, kama mtu anakugusa kiwiko darasani. Nikainua ufito. Samaki alikuwa mdogo, wale Waganda wanaita nkejje, haujafika urefu wa kidole changu cha kati. Mikono yangu ilitetemeka kuliko siku ile ya mazishi.

Nilimwachilia. Si kwa sababu ya Wazungu. Ni mdogo mno, na nilitaka nione anavyoenda.

Mchana ule niliwaza kama nimwambie mama. Nilimwambia. Aliniangalia muda mrefu, akauliza, "Na wewe?" Nikasema, "Na mimi." Nikamsikilizisha ile voisi ya dakika saba. Sikuwa nimempa kabla, nilidhani itamuumiza. Aliisikiliza yote akiwa anachambua maharagwe, na alipofika pale pa vitanda, mikono yake ikasimama. Hakusema kitu. Jioni aliniambia, "Mpigie."

Waliongea nini sijui, nilitoka nje.

Mwezi wa kumi, kule Boise, wakulima wanamaliza kumwagilia mashamba, na maji yanayotoka kwenye bwawa la juu yanapunguzwa. Mto unakuwa mdogo, unasomeka. Kuna trauti wengine, wale wa upinde wa mvua, ambao serikali ya jimbo inawafuga na kuwamwaga mtoni ili watu wenye leseni wavue na kula. Yaya alivua mmoja wa hao, akambeba nyumbani, akapiga vidio. Kwake saa saba mchana, kwetu saa nne usiku. Alisimamisha simu kando ya jiko na kusema, "Mama, nielekeze."

Mama alimwelekeza. Chumvi na ndimu kwanza. Vitunguu usikate vikubwa. Mawese, si hayo mafuta meupe. Usigeuze geuze, si chapati. Dada zangu walikuwa wanacheka, mimi nilikuwa nahesabu MB. Halafu mama akasogea karibu na kioo kabisa, akauliza kwa ukali, "Kichwa kiko wapi?"

Yaya alikuwa amekitupa.

"Umekitupa kichwa? Nani alikuzaa wewe?" Na hapo yaya yangu, mtu wa miaka 33, akaenda kwenye pipa la takataka mbele yetu wote, akakitoa kichwa, akakiosha mara tatu, akakirudisha kwenye sufuria. Mama akatulia. Akasema, "Sasa huyo ni samaki."

Alipokula alituonyesha kila tonge. Sisi tulikuwa tumeshakula posho yetu. Sitawadanganya kwamba hatukutamani. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu 2016 tunakaa mezani pamoja, hata kama meza ilikuwa moja na sahani ilikuwa moja.

Mnauliza kesi imefika wapi. Imekaa palepale. Vitanda bado viko kwenye kile chumba, yaya alikataa kuviuza. Samaki hawajabadilisha kitu kwenye makaratasi, na sitaki mtu wa shirika asome hapa aseme vijana wapewe ndoano badala ya majibu. Majibu tunayataka bado.

Ninachosema ni kidogo. Kuna mwenzetu humu ambaye mchana wake ni mrefu sasa hivi, namjua na hatamtaja mtu. Pia kuna mwenzetu aliyefika ng'ambo na amenyamaza, na nyumbani wanadhani ametusahau. Mpigieni nyinyi. Msimuulize pesa wala kesi. Muulizeni mchana anafanya nini.

Sasa hivi Jumamosi tunakuwa saba au nane pale kwenye kona ya ndege. Fito tunazo sita, tunapeana. Nzi tunafunga wenyewe Ijumaa baada ya darasa la watoto. Anayetaka aje saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza. Beba kofia na maji ya kunywa, usivae nguo nyeupe. Ukifika usije ukingoni moja kwa moja. Kaa kwanza chini ya mti pamoja nasi, utazame.